Kigingi cha Omotembe

Habari za omotembe nilizisikia kwanza kwa Nyanya Kerubo, mama wa marehemu baba yangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa mtoto. Kijiji chetu kiko kileleni mwa kilima, juu ya mji wa Marani. Mgeni alielekezwa kwa jiwe lililopasuliwa na radi, kwa kanisa la mabati, au kwa ule mti wa omotembe wenye maua mekundu, ambapo wazee walikula kiapo. Mipaka yetu nayo ilipandwa matawi yake.

"Anayedanganya kwa mti huu," Nyanya alisema, "mti wenyewe humtaja."

Tulipoarifiwa kwamba wapima mashamba wanakuja, kigingi cha omotembe kilionekana ndani ya shamba letu, kimepakwa matope. Kiliihamishia chemchemi yetu upande wa baba mkubwa, tuliyepakana naye. Alidai kilipigiliwa na babu, kikafichwa na magugu. Mama yangu, mjane asiye na mtoto wa kiume, hakuwa na wa kumtetea. Bila chemchemi ile tungeteka maji bondeni, mtoni.

"Usiking'oe," Nyanya alimwambia mama.

Baba mkubwa alicheka. "Mama, mti hauna mdomo. Au siku hizi nao unahubiri?"

"Si umesema ni cha baba yako? Basi kiache."

Baba mkubwa alitumaini wapimaji wangefika kabla ya mvua. Walichelewa, mvua ikatangulia. Walipokuja na wazee, kigingi kilikuwa kimetoa majani mabichi.

Mzee mmoja aliinama, akaligusa jani. "Mwenyewe tulimzika zamani, na kigingi chake ndiyo kwanza kinachipua?"

Watu walicheka. Baba mkubwa aliomba jembe, akakichimbua kwa mkono wake mwenyewe. Nyanya hakumtazama.

Baadaye nilisoma, nikajua kwamba tawi la omotembe lililokatwa karibuni likipata maji huota. Lakini Nyanya alilijua hilo kabla yangu. Ua wa nyumba yake ulikuwa wa matawi hayohayo. Angeweza kusema siku ya kwanza. Aliuachia mti, naona sasa, ili kinywa kilichomwita mwanawe mwongo kisiwe cha mama yake.

Nyanya, mama na baba mkubwa wamezikwa kilimani hapo. Kati ya jamaa waliosimama pale siku ile tumebaki wawili: mimi, na Moraa, binti wa baba mkubwa, ambaye hadi leo huteka maji kwenye chemchemi yetu.