Goti la Mume wa Mwalimu

Juzi binti wa kaka yangu alirudi na barua ya skuli: katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza, picha za kueleza zimeondolewa, sasa ni mazungumzo tu. Nilicheka.

Siku ya mtihani wangu kama huo, nilipokuwa mtoto wa skuli pale mjini Sib, nguo zikinukia udi wa Bibi, nilidhani ninapimwa adabu. Bibi alinifunza nisianze jambo kabla ya kuulizia watu wa nyumbani. Nikamuuliza mwalimu hali ya mama yake, watoto, mume. Akasema mumewe anaumwa goti. Nikauliza lipi. Kengele ikalia, picha sijaigusa. Nikafeli.

“Shangazi, sasa nitazungumza nini miye?” aliuliza mtoto.

“Muulize mwalimu kama mama yake hajambo,” nilimwambia. “Na mumewe akiwa anaumwa goti, uliza lipi.”