Firigisi ya Baba

Kupandishwa cheo kuna raha yake, asikudanganye mtu. Siku ya kwanza nilifunga mlango wa ofisi yangu mpya pale Bariadi, nikakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka na kujizungusha kama mtoto. Lakini haikupita miezi mingi nikaanza kuamka sina hamu ya kazi. Miaka yote nilikuwa bibi shamba wa kata. Pikipiki, vumbi, matope, kutwa napindua majani ya pamba za watu kutafuta wadudu. Sasa nasaini tu. Nilikuwa nimefika, na hakuna aliyeniambia mtu akishafika anafanya nini.

Jumamosi moja nikaenda nyumbani, Mwamapalala. Nilitaka angalau siku moja niwe mtoto wa mtu. Wapi! Nilipiga magoti kumwamkia baba, "Mwangaluka, baba," na kabla hajaitikia akanishika mkono.

"Inuka, inuka. Bosi hachafui gauni."

Mama akanitolea kochi la ndani, akanipa soda. Nikaingia jikoni nishike mwiko, akanifukuza, ati nitanuka moshi. Nikarudi kukaa kwenye kochi langu, peke yangu, nimenuna. Iliniuma sana. Nyumbani kwetu nimekuwa mgeni!

Chakula kikaja, ugali na kuku wa kienyeji. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye mji. Tangu nipate akili sijaona inaingia mdomo mwingine. Kaka yangu aliwahi kuinyofoa jikoni, akachapwa hadi majirani wakaja kuamulia. Siku hiyo baba akaiokota kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula. Wewe ndiye mkubwa sasa."

Mama akatazama chini. Jamani! Nikiila, nimemvua baba ukubwa ndani ya nyumba yake. Nikamrudishia. Akanirudishia. Nikamrudishia tena, na hasira zikanipanda.

"Baba, kama cheo ndicho kinaninyang'anya baba, basi Jumatatu nakirudisha kwa wenyewe!"

Akacheka. Kisha akamtazama mama kwa wasiwasi, akafungua mdomo na kunionyesha. Magego hakuna, ufizi mtupu.

"Haitafuniki, mwanangu. Tangu mwaka jana naimumunya tu. Mama yako akigeuka, namtupia mbwa."

"Unamtupia mbwa!" mama akapiga ukelele. "Firigisi zangu zote hizo!"

Basi mimi niliyedhani nimepewa heshima, kumbe nilikuwa nashika zamu ya mbwa. Tulicheka, mama akajifuta machozi kwa khanga. Halafu mimi nikaacha kucheka. Nilimwona baba alivyokonda mashavu. Nimemtumia vocha, nimemtumia sukari, ila sikuwahi kukaa naye kula nikamtazama anavyotafuna. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kuliko siku zote.

Nikaichukua ile firigisi nikaenda jikoni. Safari hii mama hakunifukuza. Nikaikatakata vipande vidogo vidogo, nikaichemsha tena na mchuzi mpaka ikalainika kabisa. Nikamletea baba na kijiko, nikapiga magoti. Hakuniinua. Alikula taratibu, amefumba macho, na mchuzi akaunywa wote.

Alipomaliza kunawa, akanitazama miguuni.

"Vua hivyo viatu, chukua ndala za mama yako. Pamba yangu ya bondeni majani yanajikunja, sijui ni wadudu gani. Kaangalie, jua lisije likazama."

Nikabaki nimepiga magoti pale pale, namtazama. Nilikuwa nimesahau kuwa hata mimi naweza kutumwa.

"Sasa unangoja nini, mtoto wewe?"

Nikaondoka mbio, mtu mzima na cheo changu, ndala zikinivuka njia nzima.