Nilipokuwa Mume wa Bibi Yangu

Wanaonijua leo hawaamini kwamba niliwahi kuwa bubu. Nikipewa muda mfupi wa kuzungumza mkutanoni natumia wa wenzangu wote, na mke wangu amezoea kuzima taa nikiwa katikati ya hoja. Lakini katika miaka ile ya Wajerumani, kwenye mteremko wa Meru juu ya Tengeru, nilifika umri ambao wenzangu walikuwa wakichunga mbuzi na kutukanana, nami sijatamka neno hata moja. Nilisikia vizuri. Nikitumwa kuni, nilileta kuni. Kinywa tu ndicho kilichogoma.

Mama alikuwa na hofu moja, na kila aliyeingia nyumbani aliijua: kwamba nitabaki hivyo maisha yangu yote. Alikwisha kuzika mabinti kabla yangu. Alinipeleka kwa mzee wa kukata vimeo, akanibana kichwa kwa magoti, na yule mzee akaingiza kooni kisu chake kilichopinda ncha. Kimeo kikaondoka, ukimya ukabaki. Mzee alikitazama kile kinyama kiganjani mwake, akakiri kwamba kilikuwa kizima, hakikuwa na kosa lolote.

Bibi, mama yake baba, hakuhangaika na koo langu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na bibi humwita mume wangu, kwa utani, tangu angali anabebwa mgongoni. Watu hucheka. Utani wangu mimi ulikuwa na ufa. Wajerumani walipojenga boma lao pale Arusha, babu alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kwenda kubeba mawe. Wengine walirudi. Yeye hakurudi, wala haikuja habari kwamba amekufa. Majirani walimshauri bibi azike shina la mgomba badala ya mwili, anyolewe nywele kama wajane wenzake, mambo yaishe.

"Sikuolewa na mgomba," akawajibu.

Basi kila asubuhi aliniketisha karibu naye zizini, akakamua huku akinihoji.

"Mume wangu, umeamka? Ulilala wapi?"

Kimya.

"Kwa yule mwenye meno ya nje, siyo? Haya, na uji akupikie yeye."

Mama, akizoa samadi, alicheka. Bibi aliuliza, akainamisha kichwa upande, akasubiri, mikono yake ikiwa imetulia kwenye chuchu za ng'ombe. Kisha akauliza tena. Hakuwahi kunijibia. Baadaye, chuo kikuu, nilisoma kwamba mtoto wa namna yangu ndivyo hasa anavyosaidiwa: umuulize, kisha umwachie nafasi. Vitabu havikusema ufanyeje kama nafasi ile umemwachia mtu mwingine.

Siku moja mama hakucheka.

"Mama, nakuomba, mwite kama watoto wengine wanavyoitwa. Atasemaje, na kila siku unamhoji mtu ambaye siye?"

"Huyo ambaye siye ndiye hataki kusema," bibi akamjibu. "Mtoto hana kosa."

Ndipo mama akaanza kunipeleka misheni. Alikuwapo sista Mjerumani aliyekuwa akitibu vidonda na macho, na ambaye Kiswahili chake kilitoka pwani kikakaukia njiani. Aliweka unyoya wa kuku mezani, nami nikatakiwa kuupuliza mpaka upande wa pili. Kisha mshumaa, niuzime. Kisha akanikalisha mbele ya kioo kikubwa, uso wake kando ya wangu, akafumbua kinywa: "Aaa." Nilipaswa kuufuata mdomo wake kwa wangu. Niliufuata vizuri sana, bila sauti. Nikawa bingwa wa manyoya.

Asubuhi moja mama aliamka na homa, bibi akanipeleka badala yake. Alisimama nyuma yetu, shuka mabegani, kisha akainua macho akauona uso wangu kwenye kioo. Watu walikuwa wakisema siku zote kwamba nimefanana na babu.

"Sasa, aaa," sista akasema.

Bibi hakuwa akimsikia. Alikitazama kioo, si mimi, na sauti yake haikuwa ile ya zizini.

"Ulilala wapi?"

Akasubiri. Sista aliinua kidole kumnyamazisha, halafu akakishusha.

"Bomani," nikasema.

Sista akapiga makofi, akaninyanyua juu. "Amesema! Bibi, amesema!" Bibi alikuwa ameketi sakafuni.

Ninayo maelezo. Mtoto asiyesema husikia kila kitu, na watu wazima walikuwa wamelitaja boma juu ya kichwa changu tangu nizaliwe. Neno lilikuwa tayari, likingoja swali. Nimeyatoa maelezo haya mbele ya wasomi, wakatikisa vichwa kukubali. Nami huyaamini, hasa mchana. Ila kioo kile nakikumbuka mpaka doa lililokuwa pembeni, na sikumbuki kuuona mdomo wangu ukifunguka.

Tulirudi nyumbani. Bibi alimwita jirani mwenye wembe, akaketi mlangoni, akainamisha kichwa. Mama alitoka na homa yake kusikia kilichotokea, akaanza kigelegele, akaziona nywele chini, akajiziba mdomo.

Kesho yake bibi aliniketisha zizini kama kawaida. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

"Mume wangu," akasema polepole, "huko bomani walikulaza upande gani?"

Akainamisha kichwa, akasubiri. Mama aliacha kuzoa.

"Nataka maziwa," nikasema.

Bibi alinitazama. Aliendelea kunitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama njia baada ya mgeni kutoweka. Kisha akachukua kata, akachota maziwa yaliyokuwa bado na povu, akanipa.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikanywa.