Kuomba kwa Kihaya

Asubuhi ile ya Jumatatu nilitoka nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Kibeta mjini Bukoba, na mfuko mmoja begani. Shemeji aliponiuliza naenda wapi nikasema nazunguka kidogo. Haukuwa uongo. Sikujua naenda wapi, nilijua tu kwamba nikibaki pale mpaka Jumatano nitamwaibisha mama yangu.

Nilikuwa na miezi mitatu tangu nirudi kutoka Madagaska, ambako nilikaa miaka kumi na miwili katika kazi ya misheni. Watu wakisikia misheni wanafikiri kola na mimbari. Mimi niliishia darasa la sita. Nilivua samaki visiwani, nikapakia kahawa, nikawa utingo, mpaka mchungaji mmoja akaniona najenga ukuta akasema anatafutwa fundi wa kwenda kuchimba visima na kujenga makanisa kusini mwa kisiwa kile, mtu anayeweza pia kuongoza sala za jioni. Nilikubali kabla sijauliza kisiwa chenyewe kiko wapi. Nilipofika nikakuta ng'ombe wanamwita aombe na mbwa wanamwita amboa, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu zake kwenye soko la ugenini. Lugha niliishika haraka. Lugha ndiyo shule pekee ambayo sijawahi kuitoroka.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Kule mvua ilikuwa habari ya wiki nzima. Hapa Kibeta inanyesha na hakuna anayeinua kichwa, lakini mimi bado nilikuwa natoka mbio na ndoo kukinga maji ya paa. "Shemeji, bomba lipo," mke wa kaka aliniambia mara ya kwanza. Mara ya tatu akaacha kusema, akawa ananiletea ndoo mwenyewe huku anacheka. Nilioga kwa makopo mawili ya maji, na nadhani alimwambia kaka kwamba sijaoga tangu nirudi.

Hayo yalikuwa madogo. Mama alikuwa ameletwa kutoka Izimbya kwa sababu ya jicho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umekomaa, na Jumatano alitakiwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Jumapili, baada ya ibada, kina mama wanne wa kanisani kwetu walikuja kumsalimia. Shemeji akaandaa ndizi na maharage, watu wakanawa, na Mama akasema kwa sauti ya kujivuna kidogo, "Leo mmisionari wetu ndiye atakayeomba."

Nikasimama. "Tata waitu," nikaanza, Baba yetu, vizuri kabisa. Kisha ulimi ukateleza. "Misaotra, Tompo," nikajisikia nasema, yaani asante, Bwana, na baada ya hapo Kimalagasi kikatoka chenyewe, sala yote ya chakula, ndefu, nzuri, kama nilivyoiomba kila siku kwa miaka kumi na miwili. Nilijaribu kurudi kwenye Kihaya mara mbili. Hapakuwa na kitu.

Nilipomaliza, amina ilichelewa.

"Kile kilikuwa Kiingereza?" mama mmoja aliuliza.

"Kiingereza gani," shemeji akasema. "Ametubariki kwa Kichina. Kuleni kabla ndizi hazijapoa."

Wakacheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Wageni walipoondoka aliniita barazani, akanishika mkono kwa kuupapasa kwanza.

"Jumatano, kabla sijaingia kwa daktari, wewe ndiye utakayeniombea," alisema. "Kwa Kihaya. Sitaki kuachwa nje ya sala yangu mwenyewe."

Nikasema sawa. Jioni ile nilikwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba nikajaribu peke yangu. Vilikuja vipande vya nyimbo za kanisani, mstari mmoja huku na mstari mmoja kule, halafu Kimalagasi. Wala si kwamba Kihaya kilikuwa kimenitoka. Nilibishana nacho, nilitania nacho, nilimgombeza nacho mbuzi wa jirani. Kilikataa tu pale nilipofumba macho.

Kwa hiyo Jumatatu nikashuka mpaka mtaa wa Bakoba. Lori lilikuwa linapakia ndizi kando ya barabara, na dereva alikuwa amebakiwa na mpakiaji mmoja. Niliuliza anaenda wapi, akasema Muleba kwanza. Nikasaidia kupandisha mikungu, akanipa kiti cha mbele. Alikuwa Mwislamu wa Bukoba mjini, mtu mzima kunipita kidogo. Babu yake alikuja kutoka pwani, mama yake Mhaya. Kabla hatujafika Kemondo alikuwa ameshanichimbua habari yote.

"Kwa hiyo, mtumishi, unamkimbia mama yako."

"Sikimbii. Natembea."

"Unatembea kwa lori." Akabadilisha gia. "Hebu niambie. Kabla hujaenda huko kisiwani, ulikuwa unamwomba Mungu kwa Kihaya?"

"Nilikuwa nakwenda kanisani kila Jumapili."

"Sikukuuliza kanisani. Mimi swala nasali kwa Kiarabu, na nusu yake ndiyo ninayoielewa. Lakini lori likikwama kwenye matope, Mungu ananisikia kwa Kihaya, na nafikiri mara nyingine anaziba masikio."

Nilikaa na swali lake mpaka tukapita Muhutwe. Utotoni baba ndiye aliyeomba mezani, mimi nikachungulia nani atapewa mnofu. Kanisani tuliitikia kilichoandikwa. Nikiwa kijana wa kuhangaika huku na huko sikumwomba Mungu kitu chochote kwa lugha yoyote. Sala yangu ya kwanza ya kweli niliiomba kule kusini, ndani ya kisima, siku ukuta wa udongo ulipoporomoka juu yetu na mwenzangu akaanza kuomba gizani. Nilimfuata neno kwa neno, kwa lugha yake, kwa sababu sikuwa na maneno yangu. Walitutoa wote wawili wazima. Tangu siku ile niliongoza sala za watu, na wao wakadhani nimetoka nazo kwetu.

Sikuwa nimesahau kitu, basi. Nilitumwa kuwapelekea watu kitu ambacho sikuwa nacho, wakanipa wao. Sijui kama waliolipa nauli yangu wangefurahi kusikia hivyo.

Muleba nimepita mara nyingi, sijawahi kushuka. Dereva aliniacha stendi saa nane, akaniambia nimsalimie mama. Nikapanda kilima kidogo mpaka nikaona kibao cha nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alikuwa anaanua mashuka. Akanifungulia daftari: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Kwenye kazi niliandika fundi mwashi. Kwenye uendako nikasimama na kalamu.

"Andika hapahapa Muleba," alisema. "Wengi hawajui."

Chumba kilikuwa na kitanda, chandarua, beseni, na dirisha linalotazama migomba ya jirani. Nikakaa kitandani nikapiga simu. Shemeji alipokea.

"Uko wapi wewe? Mama hajala."

"Muleba."

"Muleba kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nitarudi kesho asubuhi. Nipe Mama."

Mama aliuliza chumba kikoje, nikamweleza. Aliuliza kama mashuka ni safi. Tuliongea Kihaya chetu cha kila siku. Kisha nikasema, "Mama, nataka kujaribu kukuombea sasa hivi."

"Kwenye simu?"

"Ndiyo."

Nikasikia kiti kinasogezwa. "Haya. Nimefumba macho, ingawa moja lilishajifumba lenyewe."

Sikuanza na Tata waitu. Nilianza kwa Kihaya hichohicho, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya uzio. Nikasema mama yangu yuko Kibeta, anaogopa kisu na hataki kukiri. Upande wa pili akaguna. Nikasema hata mimi naogopa. Maneno yalikuja machache, nikawa nasimama kuyatafuta, naye akasubiri. Nikaomba daktari awe amelala vizuri, mkono wake usitetemeke, na jicho la kulia la mama yangu lipone.

"La kushoto," Mama alisema.

"La kushoto," nikamwambia Mungu.

"Endelea."