Niliapa kwa Mungu Kumfichia Mkwe Ganda la Mti

Nimekosa. Msinitafutie udhuru, nimeshajitafutia mwenyewe na sikuupata. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mchana kweupe, mbele ya watu, huku nikijua kabisa kwamba ninasema uongo. Mimi! Mwalimu wa madrasa hapa Msambweni kwa zaidi ya miaka thelathini!

Mwaka jana binti yangu alirudiana na mumewe, baada ya kukaa kwangu miezi mingi na machozi yake. Baba wa mume, mfanyabiashara wa Samburu, akateremka kwa gari lake kupitia Kinango na Kwale, kaja na watu wake, ili tule pamoja na maneno yaishe. Nilimshukuru Mungu. Nilikuwa tayari kufanya lolote mkwe huyu aondoke na moyo mweupe.

Kesho yake nikataka kumpeleka Diani. Akakataa. "Bahari nimeiona, mwalimu. Nipeleke kwenye ule msitu wenu wa miti mikubwa."

Tukaenda, watu saba ndani ya gari. Njiani nikashika hotuba. Nikawaambia miti ni viumbe tu kama sisi, haidhuru wala hainufaishi, na hizo amri za msituni ni mila za wazee, asiogope mtu. Laiti ningeufunga mdomo wangu!

Msitu wenyewe ni kaya, msitu mtakatifu unaolindwa na wazee wa kimila. Kila aingiaye hufunga kaniki nyeusi kiunoni, na hakuna kutoka na kitu, hata jani kavu. Na wana desturi moja: mkitoka, wazee wa lango hawapekui mifuko. Humuuliza aliyewaleta wageni, naye hujibu kwa niaba ya wote. Neno lake likishatoka, basi.

Aliyetutembeza ni mjane mmoja, nitamwita Mama Saumu, ingawa si jina lake. Mcheshi, tena anaujua kila mti. Tulipofika kwenye mvule mkubwa kupita yote, wenye mizizi iliyosimama kama kuta za nyumba, mkwe akauliza, "Mama, naruhusiwa kuukumbatia?"

"Kumbatia, baba! Lakini mikono yako haifiki hata robo. Kamlete na jirani yako, na mkewe, na mama mkwe wake!"

Tulicheka sote. Nilitazama juu mpaka kofia ikaanguka, nikasema subhanallah, na nilisema kwa moyo.

Mama Saumu akatangulia na wengine. Mkwe akabaki nyuma, akidai anataka kujisaidia. Nikamngoja. Nikasikia kwaru, kwaru. Nilipozunguka mzizi nikamkuta na kisu, anabandua ganda la mvule na kulisokomeza ndani ya mkoba.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Dawa ya mgongo, mwalimu. Kipande tu. Si wewe uliyetuambia hii ni miti tu?"

Nikanyamaza! Akilini nilimwona binti yangu akirudishwa tena kwangu na masanduku yake, nikanyamaza.

Pale langoni mzee akaniuliza, "Mwalimu, mmetoka mikono mitupu?"

Ningeweza kusema mwulize mwenyewe. Ningeweza hata kukohoa. Nikasema, "Wallahi, hatukuchukua kitu."

Yule mzee akatabasamu. "Ukishasema wewe, mwalimu, imekwisha."

Siku mbili baadaye wazee walilikuta jeraha kwenye mvule, kubwa kama sinia, linatoka utomvu. Nani? Mwalimu ameapa, kwa hiyo si wageni wa mwalimu. Wageni wengine wiki ile hawakuwapo. Akabaki Mama Saumu. Wakasema ameuza ganda kwa waganga, wakamfuta kazi na kumkataza kuingia msituni.

Sasa sikilizeni jambo linalonitia hasira mpaka leo, hasira juu ya nafsi yangu. Yule mama alikuja kwangu. Alisimama barazani, ukingo wa leso mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Wewe ulikuwapo. Waambie kwamba sikubaki nyuma hata mara moja."

Nikamjibu, "Subiri, mwanangu. Mungu yu pamoja na wenye kusubiri."

Nilimhubiria subira! Mwizi nilimlisha wali wa nazi nyumbani kwangu, na aliyedhulumiwa nikampa mawaidha!

Nikampigia simu mkwe, nikamwomba akiri. Akacheka. "Mwalimu, mambo ya ganda la mti hayo? Mgongo wenyewe haukupona." Akakata. Nilighadhibika, lakini nilifanya nini? Sikufanya lolote. Miezi saba niliswalisha watu na ulimi uleule.

Kilichonivunja ni siku nilipopita Ramisi nikamwona Mama Saumu akitoka kwenye mashamba ya miwa, jembe begani, miguu imechanwa na majani. Aliniona. Akashusha jembe, akanisalimia, "Shikamoo mwalimu," kwa adabu ileile. Nilishindwa kuitikia marahaba.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa wazee wa kaya nikasema yote. Hawakunitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Yule wa langoni alisema tu, "Tulimfukuza mtu kwa kinywa chako." Wakanitoza kondoo na kaniki. Nikatoa. Nikalisha maskini kumi, kafara ya kiapo kama nilivyosomeshwa na kusomesha. Imamu nikamwambia asinitangulize tena mbele ya safu.

Binti yangu je, niliyedhani ninamlinda? Aliposikia alilia, akasema, "Baba, kwani nilikutuma?" Bado yuko kwa mumewe. Kumbe ndoa yake haikuwa imeshikiliwa na uongo wangu hata kidogo!

Kisha nikaenda Ramisi kumwambia Mama Saumu kwamba wazee wamemsafisha na wanamwita arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kulima.

"Sirudi," akasema. "Wewe walikuamini kwa neno moja. Mimi nilisema maneno mangapi, mwalimu? Siku nyingine akija mwingine mwenye kofia, wataniamini kwa lipi?"

Maskini kumi wameshiba, na yeye angali kwenye miwa.

Enyi wazee wenzangu, mnaoaminiwa kwa sababu ya kanzu na msahafu, msije mkafanya kama mimi! Mkwe akiiba, msemeni hapohapo, hata akinuna, hata akiwasha gari akaondoka. Aibu ile ingekuwa ya siku moja. Na mkimwona mtu analia kwa dhuluma ambayo ninyi wenyewe mnaijua, msimwambie asubiri. Mnaongojwa hapo ni ninyi!