Masizi Niliyojipaka Siku ya Kwenda Ukweni

Mwanangu, nakumbuka vizuri Jumamosi moja, hapa hapa Bunia, nilipoamka na furaha hata chai nikaiacha mezani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi kule Mudzi-Pela, na siku hiyo nilikuwa naenda Iga Barrière kuonyeshwa kwa wazazi wa Dorcas. Huyo Dorcas ndiye mama unayemjua, aliyekupakulia chakula ulipofika. Hata sasa nikisimulia, moyo unanienda mbio.

Lakini nilikuwa na siri moja kichwani, tena kichwani kabisa. Nywele zilianza kuniaga nikiwa na miaka ishirini na moja. Zilitoka kwanza pembeni mwa paji la uso, kisha utosini, mpaka pakawa peupe kama kisahani. Darasani nilipogeuka kuandika ubaoni, nilisikia watoto wakicheka chini chini. Nikajifunza kuvaa kofia asubuhi na kuivua wakati wa kulala. Ndiyo maana juzi, nilipokuona unajipiga picha kwa simu huku umefunika paji kwa mkono, sikucheka. Najua joto la kofia hiyo.

Sasa, ukweni mtu haketi na kofia. Nikasaga makaa, nikachanganya na mafuta ya kujipaka, nikajipaka utosini taratibu. Katika kioo changu kidogo nilijiona kijana mzuri kuliko wote wa Bunia. Mjomba Lobho, kaka yake mama yangu, ndiye aliyekuwa aniongoze na kunisemea. Alipofika aliniangalia kichwa muda mrefu, akakohoa, akasema twende. Tukapanda lori.

Walitupokea vizuri sana. Mama yake Dorcas alikuwa amefua vitambaa vyeupe vya kufuma, vile vinavyotandikwa kwenye viti vya wageni, alivyovifuma kwa mikono yake mwenyewe. Kuku alikuwepo, bugali wa moto, na sombe, yale majani ya muhogo. Nyumba ilijaa watu na joto. Baba yake, Muzee Ngabu, aliniuliza habari za wanafunzi wangu, nami nikamsimulia mpaka akafuta machozi ya kicheko. Dorcas alikuwa mlangoni mwa jikoni, ananitazama na kutabasamu. Furaha ikanizidi, nikajisahau, nikaegemeza kichwa kwenye kiti nami nikicheka.

Nilipoinuka, nilikuwa nacheka peke yangu. Kitambaa cheupe kilikuwa na duara jeusi. Na jasho jeusi lilikuwa linashuka shingoni mwangu, linaingia kwenye kola ya shati.

Mama yake Dorcas akauliza taratibu, "Mutoto wangu, uko na nini ku kichwa?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Makaa ni upumbavu wa kijana, watu wangecheka yakaisha. Lakini niliona haya, nikafungua kinywa nikasema, "Ni dawa, mama."

"Dawa ya ugonjwa gani?"

Niliangalia mlango wa jikoni, Dorcas hakuwepo tena. Watu wakaanza kunong'ona. Muzee Ngabu akasimama, uso umebadilika, akamwambia mjomba kwa heshima, "Ndugu yangu, murudi kwanza nyumbani. Siye tunapenda kujua huyu kijana anaugua nini. Mutoto wangu ni mumoja tu."

Tuliposhuka Bunia, mjomba alinishika mkono kando ya barabara. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache sijayasahau.

"Weye unafikiri banakukataa juu ya nywele," akasema. "Haiko vile. Nywele hakuna mutu aliuliza. Uliwaambia bongo, maneno ya uongo, na hiyo bongo imekufanya mugonjwa mu macho yao. Mutu anaficha kitu kidogo vile, kesho ataficha nini?"

"Sasa nifanye nini, mjomba?"

"Rudi kule. Peke yako. Mimi nilisema yangu."

Wiki hiyo sikulala vizuri, lakini si kwa huzuni tu. Maneno ya mjomba yalikuwa yananirudia. Ijumaa nilikwenda kwa kinyozi wa sokoni, nikavua kofia mbele ya watu, nikamwambia atoe zote. Mashine ilipopita na upepo ukanigusa kichwa kitupu, nilitaka kucheka kwa sauti. Kumbe ni hivi tu? Miaka mitatu nilikuwa naogopa hiki?

Jumamosi nikapanda lori tena, kichwa kinang'aa juani. Nilimkuta Muzee Ngabu na mkewe uani. Nikasalimia, nikasema yote kwa pumzi moja, kabla woga haujarudi. "Baba, mama, siko mugonjwa. Niko na kipara. Nilipaka makaa juu ya kuona haya, na nilisema bongo mu nyumba yenu. Naomba munisamehe."

Muzee alinitazama. Mama aliingia ndani, nikadhani mambo yamekwisha. Akatoka na beseni, sabuni, na kile kitambaa chenye duara jeusi.

"Fua," akasema.

Nikakunja mikono ya shati, nikapiga magoti palepale uani. Majirani walikuja kuangalia mwanaume anayefua kitambaa cha kiti, nami sikujali hata mmoja. Maji ya tatu yalikuwa bado meusi Dorcas alipokuja kuchuchumaa upande wa pili wa beseni.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akaniambia kwa sauti ndogo. "Kofia inasogeaka. Nilikuwa nangoja uniambie weye mwenyewe."

"Na kama singesema?"

"Singekuja Bunia kuolewa."

Nyuma yetu nilimsikia Muzee Ngabu akianza kucheka, kicheko kile kile cha Jumamosi iliyopita. Akaita watu walete chai. Kabla ya mavuno tulifunga ndoa. Naye Muzee Ngabu, tangu vita vilipomtoa Iga, anakaa hapa kwangu, mzee sana sasa, na bado ananiita mwalimu.

Basi nisikilize, mwanangu. Kama nywele zinatoka ghafla, au ngozi inawasha, nenda hospitali ukaangaliwe. Usijipake kila kitu unachouziwa barabarani. Ukiambiwa ni maumbile tu, nyoa ukipenda, ziache ukipenda, vaa kofia jua likiwa kali. Wenzako watakutania. Watanie nawe, watachoka. Lakini yule unayetaka kuishi naye, mwambie mapema kwa kinywa chako, hata likiwa jambo dogo, maana anapokupenda anataka kukujua wewe mwenyewe. Na siku ukisema uongo kwa haya, usingoje miaka. Rudi, sema.

Mungu akupe uso wa kutazamana na watu bila woga. Akupe nyumba yenye kicheko, na mtu wa kukuambia kweli kwa upole. Uende salama, uzae, uzeeke, na watoto wako wakujue jinsi ulivyo.