Majina Niliyoyanyoosha

Hadi leo nausikia mlio wa ule muhuri, pu, karani wa ofisi ya wilaya alipoikataa fomu ya Mama Jane wa kijiji cha Bukiriro. Ni mjane anayeishi kwa vibarua vya shamba, na alikuwa anawaombea wanawe wawili akiba ya elimu ambayo serikali huwawekea watoto wa maskini. Fomu nilimjazia mimi, niliyejitolea kumsaidia, kwa hiyo hasira zilinipanda.

"Mnapenda tu kuwazungusha maskini," nilimwambia karani mbele ya foleni nzima. "Au kwa sababu wazee wake walitoka Burundi?"

Karani akavilaza vyeti vya kuzaliwa mezani. "Dada, hapa kuna Jane Niyonzima na Eliya Ndayizeye. Fomu yako ina Jane Bizimana na Eliya Bizimana. Hao ni akina nani?"

Kwetu Nyamigogo mtoto hubeba jina la baba. Nilidhani vyeti vimekosewa, nikayanyoosha majina yao kwa kuwaandika wote jina la marehemu baba yao.

"Mwanangu," Mama Jane alisema taratibu, "kwa desturi ya wazee wetu wa Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Si ungeniuliza?"

Foleni ikacheka. Karani akanisukumia fomu mpya. Dirisha lilikuwa linafungwa saa tisa, na kama tungechelewa, watoto wangesubiri hadi mwaka uliofuata.

Nikatoka peke yangu, nikakaa kwenye ngazi, nikaandika polepole, herufi kwa herufi: Niyonzima, Ndayizeye.